Tumbo Kujaa Gesi: Tutafute Chanzo

Akina mama na akina baba wa vikundi, wengi wetu hapa Busia na Malaba tumbo likijaa tunakimbilia dawa ya dukani. Kesho linajaa tena. Basi tuanze na chanzo. Kwa wiki 2 tuangalie: tumekula nini, na tumbo limejaa saa ngapi?

Kama ni maharagwe yale ya kutoka Uganda, tuyaloweke usiku kucha, tumwage maji hayo, tuyapike kwa maji mapya hadi yaive kabisa. Kama ni maziwa, tuyaache siku chache tuone. Soda tupunguze.

Lakini likijaa karibu kila siku kwa wiki 3, au ukikonda, au ukiona damu chooni, usingoje, nenda hospitali. Hasa mama aliyepita miaka 50: yaweza kuwa saratani ya ovari.