Timu Ikivunjwa Ukiwa Ugenini

Kabla ya kulilia nafasi, kagua viza. Marekani, wachezaji wengi wa kigeni wa gemu za ushindani huingia kwa viza ya P-1A, nayo hufuata mwajiri aliyeiombea. Timu mpya lazima ipeleke maombi yake. Dai barua ya kuachishwa, mshahara uliobaki na mgao wako wa zawadi kwa maandishi, wakati simu zako bado zinapokelewa.

Kisha pima ujuzi, si jina la gemu. Ligi ya gemu ya Overwatch ilipofikia tamati 2023, mchezaji wake Carpe wa Korea Kusini alikuwa ameshahamia gemu nyingine, Valorant. Ukocha na utangazaji navyo ni kazi, ingawa malipo ya mwanzo huwa hafifu. Unalala nyumba ya timu? Uliza leo una siku ngapi za kuhama.