Tuijue Rusinga Yetu

Tukitoka Kisumu tunapanda feri Luanda Kotieno hadi Mbita, halafu daraja latuingiza Rusinga. Wageni wengi hufuata kaburi la Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi mwaka 1969. Lakini kuna utajiri mwingine makorongoni. Mwaka 1948 Mary Leakey alikuta humo fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya sokwe wa miaka kama milioni 18 iliyopita. Majivu ya volkano ndiyo yaliyohifadhi mifupa hiyo, na kila mvua hufichua mingine.

Sasa jamani, mtoto akiokota jino la namna hiyo akamwuzia mgeni kwa bei ya soda? Likishang'olewa mahali pake, umri wake hausomeki tena vizuri. Tuliache palepale, tuwaarifu watu wa Makumbusho ya Taifa.