TUMBO LA GHAFLA SI LA KUNYWEA SANAMAKI

Leo, kwa uwezo wake Allah, tutazungumzia maumivu makali ya tumbo yanayokuja ghafla.

Huku kwetu Milola, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Lindi na Kilwa, tumbo likimshika mtu usiku neno la kwanza ni, "Chango hilo." Asubuhi anachemshiwa sanamaki au anapewa haluli asafishe tumbo. Pikipiki ya kwenda Lindi mjini hutafutwa siku ya tatu, mgonjwa akiwa hajiwezi.

Sanamaki ni dawa tunayoiheshimu, na imetajwa katika Tiba ya Mtume (s.a.w.). Lakini kazi yake ni kuusukuma utumbo. Utumbo ulioziba ukisukumwa, au kidole tumbo kilichovimba usaha kikichokozwa, huweza kupasuka na uchafu ukamwagika ndani ya tumbo. Upasuaji ambao ungekuwa mdogo hugeuka kuwa mkubwa na wa hatari.

Utajuaje? Zachary Cope, daktari wa upasuaji wa Uingereza aliyetoa kitabu chake juu ya matumbo haya mwaka 1921, anakumbukwa kwa kanuni moja rahisi. Mtu aliyekuwa mzima akishikwa na maumivu makali ya tumbo yasiyoachia kwa muda wa saa sita, mara nyingi ugonjwa wake ni wa kuonwa na daktari wa upasuaji. Saa sita ni kama kutoka Adhuhuri hadi Magharibi. Lakini ukiona dalili hizi, usingoje hata hizo saa sita:

1. Maumivu yaliyoanzia kitovuni kisha yakahamia chini kulia, pamoja na kichefuchefu na kukosa hamu ya kula. Huenda ni kidole tumbo.

2. Tumbo kujaa, kutapika, na kutopata choo wala kutoa upepo. Huenda utumbo umeziba au umejisokota.

3. Ngiri iliyokuwa ikirudi ndani, sasa imekuwa ngumu, inauma na hairudi.

4. Mwanamke aliyekosa siku zake, tumbo linamuuma upande mmoja na anaona kizunguzungu. Huenda ni mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, naye anavuja damu ndani.

5. Mgonjwa aliyekuwa na homa kwa siku nyingi, ghafla tumbo likakakamaa kama ubao. Huenda homa ya matumbo imetoboa utumbo.

Kuhusu hili la mwisho, Dk. Phillipo Chalya na wenzake wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha utafiti wao mwaka 2012. Walifuatilia wagonjwa 104 waliopasuliwa kwa sababu hiyo. Wapatao 23 katika kila 100 walifariki, na miongoni mwa mambo yaliyoambatana na vifo hivyo ni kuchelewa kufanyiwa upasuaji.

Kuna na ugonjwa mwingine unaokuja kimya kimya. Macho yanakuwa ya manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, choo cheupe kama udongo wa mfinyanzi, na mwili unawasha. Hapo mfereji wa nyongo umeziba. Huenda ni kijiwe, huenda ni saratani ya mfereji huo. Kutouma kusikudanganye. Saratani hiyo ikiwahiwa huweza kukatwa. Ikichelewa, mara nyingi kinachobaki ni kuwekewa mrija wa kupitisha nyongo ili mgonjwa apate nafuu.

Basi ufanye nini? Mgonjwa wa tumbo kali asipewe chakula, kinywaji wala dawa ya kuharisha. Apelekwe haraka kituo cha afya, na kutoka hapo Hospitali ya Sokoine, Lindi, au Nyangao, ambako upasuaji hufanyika. Mwenye kuhara maji maji ni mwingine. Huyo anyweshwe maji ya chumvichumvi kwa wingi huku akipelekwa kituoni.

Wapo wanaosema, "Tumngoje baba watoto arudi shamba," au, "Daktari ni mwanamume." Akipatikana daktari wa kike, ni vizuri. Asipopatikana, sheria yetu inajua dharura, na kuokoa nafsi ni katika makusudio yake makubwa. Baba, toa ruhusa hiyo leo, ukiwa nyumbani na watu wote wazima, na uweke akiba kidogo ya nauli.

Na kinga ya homa ya matumbo tunayo: choo kilicho mbali na kisima, maji ya kunywa yaliyochemshwa, na kunawa mikono kwa sabuni baada ya kustanji na kabla ya kula. Maji matupu ya kustanjia hayatoshi kuusafisha mkono unaokwenda kwenye sahani.

Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kutafuta tiba. Kuitafuta mapema ni sehemu ya kutii. Wabillahi Tawfiq.