Huruma na Muhali

Somo langu safari hii latoka katika Biblia, ingawa lilianzia bwenini. Wenzangu ambao si Wakristo naomba wanivumilie. Jambo lenyewe wanalijua kama nilijuavyo mimi.

Katika Kiswahili tuna maneno mawili ambayo yafaa tuyatenge: huruma na muhali. Huruma ni kuumwa na taabu ya mwenzio hata ukataka kumwondolea. Muhali ni kushindwa kumkatalia mtu, au kushindwa kumwambia kweli, kwa ajili ya ujamaa, au urafiki, au haya tu. Kwa nje hufanana sana. Mimi niliyachanganya muhula huu, na aliyeumia ni mtu mwingine.

Habari ni hii. Nilikuwa kiranja wa bweni. Siku moja mvulana wa Kidato cha Kwanza alikuta kufuli ya sanduku lake imevunjwa, na nauli yake ya kurudia nyumbani, Sh. 18,000, imechukuliwa. Usiku ule ule rafiki yangu mmoja, ambaye jina lake silitaji, alinifuata penye kamba za kuanikia nguo akaniambia, "Ndugu yangu, ni mimi. Wakijua nitafukuzwa, na mama ameuza mbuzi wawili ili nisome." Akalia sana. Nikamwambia, "Nyamaza, yamekwisha." Nikaenda kulala nikijiona Mkristo mwema.

Lakini hayakuwa yamekwisha. Haikupita juma moja wavulana wakaanza kusema kwamba yule mtoto alivunja kufuli yake mwenyewe, kwamba fedha alizila kwa maandazi, na kwamba sasa atafuta wa kumchangia. Wakampa jina la Maandazi. Mwalimu wa zamu akaniuliza kama najua lolote, nikajibu sijui. Kimya changu kikawa uwongo mtupu, wala sikukitambua kilipogeuka.

Wakati huo katika kipindi cha dini tulikuwa tukisoma Samweli wa Kwanza, habari ya Eli kuhani wa Shilo na wanawe, Hofni na Finehasi. Watu walipoleta sadaka, mtumishi wa kuhani alikuja na uma wa meno matatu, akachoma ndani ya sufuria, na chochote kilichopanda juu kikawa chao. Hata walidai nyama ingali mbichi, kabla mafuta hayajateketezwa kwa Mungu, na mtu akisita walimwambia watainyakua kwa nguvu. Eli alijua. Tena aliwasema! Hilo ndilo lililonishangaza, maana nilidhani alinyamaza. Aliwaonya kwa maneno ya baba mpole, kisha akawaacha madhabahuni pale pale, na uma wao mkononi. Kosa aliloshitakiwa ni kwamba aliwaheshimu wanawe kuliko Mungu, na kwamba hakuwazuia. Mwisho wake twaujua: wana wote wawili waliuawa vitani siku moja, sanduku la Agano likatekwa na Wafilisti, na mzee mwenyewe, umri wake miaka 98, akaanguka kitini kwa nyuma akavunjika shingo.

Nilipokuwa nikiisoma sura hiyo sikumfikiria sana Eli. Nilimfikiria mtu aliyetoka mbali na kondoo wake, akasimama akitazama nyama ikichukuliwa. Upole wa Eli ulilipwa na huyo. Na wangu ulilipwa na mtoto wa Kidato cha Kwanza. Tangu hapo nimekuwa na swali moja ninalojiuliza kila moyo wangu unapolainika: nani anayelipa? Huruma mara nyingi humgharimu yule mwenye kuhurumia. Muhali humwacha salama, na deni humwangukia mtu asiyekuwapo.

Wako watakaosema, basi dawa ni ukali. Hapana. Waliomleta mwanamke mzinzi mbele ya Yesu, katika Yohana sura ya nane, walikuwa wakali vya kutosha, na walikuwa na sheria upande wao. Yesu aliwaondoa mmoja mmoja, wakitangulia wazee. Kisha akamwambia mwanamke kwamba yeye hamhukumu, na kwamba aende asitende dhambi tena. Naona watu wengi hukata maneno hayo vipande viwili. Wapole huchukua nusu ya kwanza, wakali huchukua ya pili. Lakini yalitoka katika kinywa kimoja, na kwa mpango ule: kwanza alisimama kati yake na mawe, ndipo akamwambia habari ya dhambi.

Tena iko habari ya Zakayo wa Yeriko, mkubwa wa watoza ushuru, aliyepanda mkuyu. Yesu alikwenda kukaa kwake, na watu wakanung'unika. Mimi siwalaumu sana wanung'unikaji hao. Yamkini fedha zilizojenga nyumba ile zilikuwa zao. Basi tazama yaliyotokea. Zakayo alisimama akasema nusu ya mali yake atawapa maskini, na aliowadhulumu atawarudishia mara nne. Torati, katika kitabu cha Hesabu, ilimtaka mwenye kuungama arudishe kitu chote na kuongeza sehemu ya tano tu. Mara nne ni malipo ya mwizi wa kondoo katika Kutoka. Yesu hakumwambia kwamba hilo si lazima, kwa kuwa sasa wamekuwa marafiki.

Nilimwendea rafiki yangu nikamwambia tutakwenda pamoja kwa mwalimu, yeye na wizi wake, mimi na uwongo wangu. Akanijibu, "Nilikudhania ndugu." Siku tatu hakusema nami. Siku ya nne, baada ya chakula cha jioni, akaniambia twende. Alirudishwa nyumbani majuma mawili, na fedha anazilipa kidogo kidogo. Mimi nilivuliwa ukiranja, na ni haki. Hajaanza kunisalimu kama zamani.

Yule mtoto nilimkuta bombani akifua shati lake la shule, nikamwomba radhi. Akaniuliza, "Kaka, wewe ulijua tangu siku ile?" Nikamwambia ndiyo. Akanitazama kidogo, kisha akainama akaendelea kufua.