Serikali Ikibadilika, Nyumbani Hubadilika Nini? Somo kutoka Ugogo



Hapa visiwani kila mwenye shamba anajua kwamba serikali ikibadilika, haki ya shamba nayo hutazamwa upya. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 mashamba makubwa yalitwaliwa, na familia nyingi zikagawiwa eka tatu tatu. Katika somo hili twataka kuwapeleka Dodoma, nchi ya Wagogo, tukatazame jambo hilo hilo kwa watu ambao mali yao ilikuwa ng'ombe. Mkarafuu hauswagwi. Ng'ombe huswagwa.

Nchi ile ni kavu. Mvua hunyesha toka Desemba mpaka Aprili, nazo si za kutegemewa, na watu hupanda uwele na mtama. Mgogo wa zamani alikuwa na akiba tatu: nafaka ndani ya tembe lake, ng'ombe zizini, na ng'ombe wengine aliowaweka kwa jamaa na marafiki wa mbali, ili ukame au ugonjwa ukipiga huku, huko wasalimike. Mwaka mbaya alitoa ng'ombe akapata nafaka. Akiba hiyo haikuandikwa popote, lakini iliwavusha watu miaka mingi ya shida.

Ikaja Vita Kuu ya 1914. Majeshi ya Wajerumani yalichukua ng'ombe na nafaka, na wanaume wakatwaliwa kuwa wapagazi. Mwishoni mwa Julai 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Dodoma yakitokea Kondoa. Mtu angedhani mzigo umetuliwa. Sivyo. Vita vilikuwa vikiendelea kusini, na jeshi jipya nalo lilitaka ng'ombe, nafaka na wapagazi. Basi familia moja ilitoa kwa serikali mbili, ile inayotoka na ile inayoingia, kabla haijapata mavuno ya kujaza ghala.

Mvua zilipokosekana, wengi hawakuwa tena na ng'ombe wa kubadilisha kwa chakula. Rafiki wa mbali aliyewekewa ng'ombe naye alikuwa ametwaliwa wake. Njaa ile Wagogo waliiita Mtunya, na ilidumu mpaka 1920. Wanahistoria hukisia kwamba watu kama 30,000 walikufa katika watu 150,000, ndiyo kusema mmoja katika kila watano. Ukame Wagogo walikuwa wameuzoea. Sisi twaona kilichowaua zaidi ni kwamba akiba zote tatu zilikwisha kwa pamoja.

Fedha nazo zilibadilika. Wakati wa vita Wajerumani walipiga chapa noti za muda Dar es Salaam na Tabora, na huko Tabora wakapiga sarafu za shaba. Serikali yao ilipoondoka, noti hizo zilipoteza thamani mikononi mwa watu. Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuja 1921. Hapa kwetu rupia iliendelea mpaka 1936.

Uhuru wa Tanganyika wa Desemba 1961 ulikuwa mabadiliko ya namna nyingine, maana haukuja na jeshi la kulishwa. Lakini nyumbani ulisikika pia. Waingereza walikuwa wamewapa watemi mabaraza ya kuhukumu, na Mazengo wa Mvumi alikuwa mashuhuri miongoni mwao. Mwaka 1963 utemi uliondolewa katika utawala. Mtu mwenye daawa ya ng'ombe, aliyezoea kwenda kwa mtemi anayemjua babake na babu yake, ilimbidi ajifunze mlango mwingine na karatasi zake. Kisha 1971 ikaja Operesheni Dodoma, familia zikahamishwa kutoka matembe yao yaliyotawanyika na kuwekwa katika vijiji. Shule na maji vilisogea karibu. Shamba la zamani na malisho vikawa mbali.

Mwaka 1973 iliamuliwa makao makuu yahamie Dodoma, na ikaundwa mamlaka ya kustawisha mji. Mashamba yaliyokuwa pembeni yakaanza kuitwa viwanja, na wenye viwanja wakapewa hati za miaka 33. Mwaka 2017 mamlaka hiyo ilivunjwa, kazi zake zikapewa manispaa, na ikaagizwa hati hizo zibadilishwe ziwe za miaka 99. Serikali ilikuwa ile ile ya chama kile kile, ofisi tu ndiyo iliyobadilika, na watu wa Dodoma wakapanga foleni tena, kila mmoja na karatasi yake mkononi.