Injini Ikigonga: Pima Krenki Kwanza, Beringi Baadaye

Mkulima, injini ya petroli ikigonga kwa sauti nzito upande wa chini, na mshale wa kipimo cha oili ukishuka injini ipatapo moto, hilo ni onyo. Izime mara moja. Ukisema, "Nimalize kwanza ekari hii," konrodi yaweza kukatika na kutoboa ubavu wa injini, nawe utakosa trekta mvua ikinyesha.

Tuchukue mfano wa trekta ya zamani ya Ferguson TE-A20. Injini yake ina silinda 4. Konrodi 4 zaunganisha pistoni na krenki, na krenki yenyewe hushikwa na beringi kuu 3. Beringi ni za madini laini, ili ziliwe zenyewe kabla ya krenki. Fuata mambo haya:

1. Kabla ya kufungua, hakikisha kila konrodi na kifuniko chake vina namba ya silinda yake. Usivibadilishane wala kuvigeuza.

2. Shingo za krenki zipimwe kwa maikromita, kila moja mahali kadhaa. Shingo iliyoliwa upande mmoja si mviringo tena, nayo itaharibu beringi mpya upesi.

3. Krenki iliyoliwa au kukwaruzwa ipelekwe kwa fundi mwenye mashini ya kuchonga. Hupunguzwa kwa vipimo maalum: inchi 0.010, 0.020 au 0.030. Ikiisha kuchongwa, ndipo ununue beringi za kipimo kile kile. Anayenunua beringi kwanza huenda akatupa fedha zake.

4. Fundi azitazame konrodi kama zimepinda.

5. Osha matundu ya oili ndani ya krenki mpaka yawe safi kabisa. Unga wa chuma ukibaki humo, kazi yote ni bure.

6. Paka beringi oili safi, kisha kaza kwa spana ya kupimia nguvu, kama kitabu cha injini kinavyoagiza. Kila ukaze kifuniko kimoja, zungusha krenki kwa mkono. Ikikwama, fungua utafute sababu.

Usikubali kamwe fundi apige tupa vifuniko vya konrodi au atie kipande cha bati nyuma ya beringi. Kelele zitanyamaza siku chache, kisha krenki itaharibika.

Injini ikiisha kufungwa, ifanye kazi nyepesi kwanza, kisha badilisha oili mapema. Jembe zito lingoje kidogo. Kazi hii ifanywe wakati wa kiangazi, maana mvua haimngoji fundi.