Swali la Kwanza kwa Mgonjwa: Jamii na Afya ya Meno Kajiado

Makala haya yanachunguza namna mwanafunzi wa tiba ya meno anavyoweza kufunzwa kuielewa jamii ya mgonjwa kabla ya kukihukumu kinywa chake. Mifano inatoka Kaunti ya Kajiado, ambako miji ya Ngong na Kitengela imewakutanisha wafugaji wa Kimaasai na wahamiaji kutoka pembe nyingi za Kenya.

Dhana
Vipengele vya kijamii vya afya ni yale mazingira ambamo mtu huzaliwa, hukua, hufanya kazi na kuzeeka. Shirika la Afya Duniani liliunda tume ya kulichunguza suala hili mwaka 2005, nayo ripoti ikatolewa mwaka 2008.

Maji
Mgonjwa anapofungua kinywa chenye meno ya madoa ya kahawia, mwanafunzi asiyefunzwa huuliza: "Mbona hupigi mswaki?" Swali hilo linakosea kitaaluma na kiadabu. Madoa kama hayo aghalabu husababishwa na floraidi iliyozidi katika maji ya visima virefu. Shirika hilo linapendekeza kiwango kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita. Floraidi ikizidi huharibu enameli, yaani tabaka gumu la nje, jino likiwa bado linaundwa ndani ya taya. Mswaki hauwezi kuyafuta madoa hayo. Kuchemsha maji nako hakufai: maji hupungua, floraidi hubaki. Hata magadi ya kulainishia maharagwe huongeza madini hayo. Maji ya mvua yana floraidi kidogo, lakini asiye na paa la mabati wala tangi atayavunaje? Swali lifaalo basi ni: "Ulikulia wapi, na mlikuwa mkinywa maji gani?"

Mila
Wamaasai wana desturi ya kung'oa meno mawili ya mbele ya chini. Sababu moja inayotajwa ni kupata upenyo wa kumlishia mgonjwa wa pepopunda. Ipo pia desturi ya kuchimbua vijino vya chonge vya mtoto mchanga, kwa imani kwamba uvimbe wa ufizi ndio uletao homa na kuhara. Tendo hili huweza kuleta kutokwa damu, maambukizi na kuharibika kwa meno ya kudumu. Hata hivyo, mama husukumwa na hofu ya kufiwa. Akikaripiwa, huenda asirudi tena. Aulizwe: "Mama, mtoto alipohara, ulishauriwa nini?" Hapo ndipo mafunzo kuhusu maji safi na tiba ya kuhara hupata mlango.

Hitimisho
Mwanafunzi husomea udaktari kwa Kiingereza, ilhali mgonjwa hueleza maumivu yake kwa Kimaa au Kiswahili. Kufundisha vipengele vya kijamii ni pamoja na kufundisha lugha ya kuuliza bila kushutumu. Swali baya humfunga mgonjwa kinywa, na kinywa kilichofungwa hakitibiki.

Zoezi
1. Eleza kwa nini mswaki hauondoi madoa ya floraidi.
2. Tunga maswali matatu ya kumuuliza mzazi bila kumlaumu.